Kifirimbi Kwenye Pengo la Babu

Bibi alikuwa amehama nyumba. Ndiyo, Bibi mwenyewe! Alibeba begi lake la maua, redio yake ndogo na mto wake wa kulalia, akaenda zake kwa Shangazi mtaa wa pili, na pale mlangoni akaacha neno moja tu: "Siku nitakayomsikia kwa masikio yangu akiimba ule wimbo, ndiyo siku nitakayorudi. Vinginevyo mniletee na kabati langu."

Chanzo ni mdomo wa Babu. Wakwe wa mjukuu wao mkubwa wa kiume walikuja kula chakula cha mchana, mazungumzo yakanoga, Bibi akaanza kuwasimulia jinsi Babu, enzi hizo fundi mwashi kijana, alivyokuwa akimwimbia kutoka juu ya jukwaa wakati anajenga ukuta wa nyumba ya baba yake Bibi, pembeni kabisa ya dirisha lake. Wageni walishaanza kutabasamu. Mara Babu akajikausha, akakunja nne, akasema, "Mimi? Niimbe? Huyu ndiye aliyenifuata. Mimi nilikuwa na kazi zangu."

Wageni wakacheka. Bibi hakucheka. Alikusanya sahani moja moja, taratibu, na kila aliyemjua Bibi alijua kwamba Bibi akikusanya vyombo taratibu, mambo yameharibika.

Sasa nyumba ilibaki na watu wawili: Babu, na mjukuu wao waliyemlea tangu anatambaa. Babu alimpa jina la Spika, kwa sababu alipoanza kusema hakuna aliyejua pa kumzimia. Spika alikuwa ametoka chuo juzijuzi, kozi ya kurekodi sauti, na bado ilikuwa inamwasha. Akisikia mlango unalia, anakwambia mlio huo ungekatwaje. Na kwa Bibi alikuwa hajiwezi. Bibi ndiye aliyekuwa anamwita "mke mwenzangu", ndiye aliyejua chumvi ilipo, ndiye aliyekuwa akimsikiliza mpaka mwisho. Babu, tangu aachwe, alikuwa anavaa shati ndani nje na kunywa chai isiyo na sukari, eti ameipenda hivyo. Uongo. Hakujua kopo la sukari liko wapi, na Spika naye hakujua.

"Babu, nenda kamwimbie, yaishe."

"Nikasimame mlangoni kwa mkwe wangu niimbe, kama muuza vyombo? Labda niwe nimekufa."

"Basi uimbie hapa, mimi nirekodi, tumtumie Shangazi kwenye simu amsikilizishe Bibi."

Babu akatazama dari. Akatazama miguu yake. "Hakuna mtu atakayekuwepo?"

"Mimi tu."

"Wewe ni sawa na uwanja mzima wa watu," Babu alisema. Lakini alikuwa ameshasimama.

Weee! Spika aliruka hadi kandambili moja ikabaki hewani. Simu peke yake hakuitaka. Ya simu itasikika kama mtu aliyeinamia ndoo, na sikio moja la Bibi halisikii vizuri, lazima apelekewe kitu safi. Akatoa maiki yake kutoka kwenye soksi alimoihifadhi, akaifunga kwenye stendi, akachomeka waya, akafungua laptopu. Ile programu ya kurekodia ilikuja na efekti zake za kurembesha sauti ndani kwa ndani, hakuna cha kutafuta wala kuongeza, unachagua tu na kupanga.

Chumba chenyewe sasa. Chumba cha wazee kilikuwa na kuta tupu, ukipiga chafya inakurudia. Spika akasimamisha godoro la wageni upande mmoja, akafunika meza kwa blanketi, kisha akafungua milango yote miwili ya kabati la Bibi. Magauni yalikuwa yamejaa mle, mazito, ya kila rangi, hakuna kinachomeza mwangwi kama nguo. Akamsimamisha Babu akiyatazama.

"Niimbie magauni?"

"Mwimbie mwenye magauni."

Babu akakohoa kidogo.

Friji jikoni lilikuwa linanguruma. Spika akakimbia, akachomoa waya wake ukutani, akarudi mbio, akaanza kupanga foleni ya efekti kwenye kioo cha laptopu huku akieleza, maana kunyamaza alikuwa hajajifunza bado.

"Angalia hapa, Babu. Sauti yako inaingia kwenye maiki, inapita kwenye waya, ikifika humu imepangiwa watu. Wa kwanza anakata ngurumo za chini, magari, feni, mambo hayo. Wa pili ni geti. Ukinyamaza linajifunga, takataka zote zinabaki nje. Ukiimba linafunguka. Wa tatu ni kompresa, ukipayuka anakushusha, ukififia anakuinua. Huyu anafuta zile 'sss' zinazochoma masikio. Huyu ananyoosha noti zilizopinda. Wa mwisho anaweka mwangwi kidogo, uonekane uko ukumbini."

"Kumbe ni kupitishana tofali," Babu alisema. "Wa chini anamrushia wa kati, wa kati anamrushia wa juu."

"Hivyo hivyo!"

"Na wote hao wananishika mimi?"

"Wote."

"Nitafika juu nikiwa mzima kweli?"

Spika alicheka hadi akashika mbavu. Angejua, angelijibu lile swali vizuri.

Jaribio la kwanza lilikuwa vituko. Babu alivaa hedfoni juu ya kofia, Spika akamvua kofia. Babu akaanza kuimba kwa ile sauti ya kumwita mtu wa saruji kutoka ghorofani, taa za programu zikatoka kijani zikaruka moja kwa moja hadi nyekundu. Spika akapunguza, akamwomba asogee nyuma hatua. Akaanza tena, mara akakatiza ghafla, macho yamemtoka.

"Nani huyo ananiiga?"

"Nani?"

"Kuna mzee humu masikioni. Nikisema neno, na yeye anasema. Ananicheka!"

Masikini, ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa inazunguka foleni nzima ya efekti ndipo imrudie, na laptopu kuukuu ile ilikuwa inachelewa. Spika akazima marejeo hayo, Babu abaki na sauti ya chumba tu, efekti zifanye kazi zao baadaye. "Ameondoka?" Babu aliuliza. "Ameondoka." "Salama yake."

Halafu akaimba. Akafumba macho mbele ya magauni, mkono mmoja ukapanda wenyewe kama umeshika mwiko wa kupigia lipu, akaimba:

*Sogeza pazia basi,*
*sura yako niione,*
*saruji inakauka,*
*sababu yangu ni wewe.*

Spika alikuwa hajawahi kuusikia. Alikuwa ameinamia kioo akihangaika na vitufe, lakini mwili mzima ulimsisimka. Kumbe wimbo upo! Kumbe Bibi hakutunga hata neno! Babu alipomaliza alibaki pale pale, midomo ikichezacheza kidogo, kisha akavua hedfoni akatoka nje haraka, eti anaenda kuangalia kuku. Hawakuwa na kuku.

Spika akaketi kupika sauti. Akakaza hapa, akalegeza pale. Pale Babu alipoteleza kwenye noti, akanyoosha. Babu alikuwa na pengo mbele, la tangu ujanani, na kila "s" ilipopita hapo ilipiga kifirimbi chembamba, fyuu. Na wimbo wenyewe ulikuwa umejaa "s" kama uliandikwa kumkomoa! Spika akamkaza yule mfuta "sss" hadi kifirimbi kikapotea kabisa. Akasikiliza tena. Lo! Sauti laini, nyororo, imenyooka kama rula. Hata mwalimu wake chuoni angempigia makofi. Akaituma kwa Shangazi, akaanza kutembea huku na huko chumbani akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

Jibu likaja kwa sauti. Bibi mwenyewe. Spika akamwita Babu, wakasikiliza vichwa vikiwa vimegusana.

"Huyu kijana ni nani?" Bibi aliuliza, baridi kabisa. "Nawauliza, huyu mwimbaji mmemtoa wapi? Yaani mzee mzima amekosa haya, ameenda kumkodi mtu amfundishe wimbo wangu, wimbo wangu mimi! Mwambieni sasa ndiyo simtaki kabisa. Wa kwangu ana kifirimbi. Kifirimbi chake alikipata chini ya dirisha langu, alipoanguka na wimbo wake mdomoni kwa kunitazama mimi badala ya kutazama ubao anaokanyaga. Huyu wenu hana pengo! Kesho naleta mtu achukue kabati."

Kwa nyuma Shangazi alisikika akisema, "Mama, jamani," kisha ujumbe ukaisha.

Babu aliketi kitandani. Akavuta gauni moja kabatini, akalikunja vizuri, akalirudisha, ndiyo kama anaanza kufungasha.

Spika alitamani sakafu immeze. Ushahidi! Bibi alitaka ushahidi, na yeye aliuchukua ule ushahidi akaupiga deki! Alitazama foleni yake ya efekti, ilivyong'aa pale kwenye kioo, kila mmoja na kitaa chake cha kijani, akawaona kama wezi waliojipanga. Machozi yalishafika. Ndipo akakumbuka kitu alichofundishwa siku za mwanzo kabisa, akajipiga paji la uso.

"Babu! Hawajakugusa!"

"Nani?"

"Wewe! Sauti yako ipo! Hawa wanapaka rangi juu tu, chini ukuta wako umesimama vilevile. Nikiwazima, unarudi."

Akamzima mfuta "sss". Fyuu! Kifirimbi kile, kikatoka kwenye spika za laptopu kama ndege aliyefunguliwa. Akamzima mnyoosha noti, Babu akateleza pale pale alipoteleza, vizuri mno. Akaondoa ukumbi wa uongo. Akamwacha mkata ngurumo, maana lori lilikuwa limepita wakati wa kurekodi, na kompresa kidogo tu, kwa ajili ya lile sikio la Bibi. Babu alikuwa ameshainuka kitandani, amesimama mlangoni, anasikiliza, akijishika pengo kwa kidole.

"Hiyo ndiyo mbaya," alisema.

"Hiyo ndiyo yenyewe. Nenda kaangalie kuku wako."

Likabaki geti. Spika akalizima nalo, basi tu, kwa hasira. Wimbo ukafika mwisho, na yeye alikuwa ameshanyoosha kidole kusimamisha, aliposikia kitu. Baada ya "sababu yangu ni wewe", pale ambapo mwanzo palikuwa kimya kabisa, palikuwa na mtu. Alirudisha nyuma. Akabana hedfoni masikioni. Geti lilikuwa limekifungia nje kwa sababu ni kidogo mno, mnong'ono wa mtu anayeongea na magauni, na sasa kompresa alikuwa amekiinua taratibu mpaka kikasikika:

"Nilidanganya, mama. Rudi basi. Hata sukari siioni."

Spika akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akachungulia dirishani. Babu alikuwa uani, anazunguka, anatafuta kuku. Amuulize? Akimuuliza atakataa, tena atakataa kwa kiapo. Kidole kikabonyeza kabla kichwa hakijaamua. Ikaenda.

Safari hii simu haikujibu. Chai ikachemka, ikanywewa chungu, simu kimya. Babu akasema ni sawa tu, kabati lenyewe lilikuwa linaziba mwanga.

Jua lilipoanza kupoa, mlango wa mbele ukafunguliwa bila hodi. Bibi! Begi la maua mkono huu, mto kwapani, uso umekunjwa kama karatasi, na nyuma yake Shangazi kabeba redio, anajikaza asicheke. Bibi hakumsalimia mtu. Alipita moja kwa moja jikoni, akasimama.

"Nani kazima friji langu? Maji yote haya chini! Siku mbili tatu nimetoka, nyumba imekuwa bwawa!"

Spika alikimbilia shingoni kwake, akaning'inia kama mtoto, maneno yakimtoka yote kwa pamoja, maiki, geti, foleni, kuku. Bibi akampapasa mgongoni. "Nimekusikia, mke mwenzangu, pumua." Kisha akapandisha mkono juu ya kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa, akashusha kopo la sukari, akaliweka mezani mbele ya Babu. Tii.

Babu akalitazama kopo. Akamtazama Bibi. Akajikohoza, akajaribu kuurudisha ule uso wake wa siku ya wageni. "Kwa hiyo wimbo umekuleta."

"Wimbo?" Bibi akavuta kiti. Uso ulikuwa umeanza kumsaliti, tabasamu linapenya pembeni. "Wimbo nilikuwa nao siku zote. Mimi imenileta ile ya mwisho."

"Ya mwisho ipi?"

Bibi akachota sukari, akatia kwenye kikombe chake, akakoroga taratibu, na taratibu ya safari hii haikuwa ya hatari hata kidogo. Shangazi alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Ipi ya mwisho?" Babu akageuka. "We Spika. Ulirekodi nini?"

Na Spika, kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea, akachukua kitambaa, akainama chini ya friji, akaanza kufuta maji, kimya.