Kipande Alichokuwa Akikihamisha

Wifi yangu aliileta kompyuta ikiwa imefungwa kwenye shati la kaka yangu. Aliiweka juu ya meza yangu ya kazi, kati ya skrubu na simu zilizopasuliwa, na hakukaa mpaka nilipomsogezea kiti.

"Naomba uniangalizie," alisema. "Hotuba ya harusi imo humu. Alikuwa anaiandika siku ile."

Siku ile ni siku moyo wa kaka uliposimama ndani ya gari, wakiwa njiani kwenda hospitali. Harusi ya binti yao ikasogezwa mbele, na sasa ilikuwa imekaribia tena. Binti alikuwa ameomba jambo moja tu: hotuba ya baba yake isomwe, na msomaji awe mimi, shangazi yake.

Sikufurahi kumwona wifi, sitadanganya. Tangu msibani nilikuwa nimemwekea kinyongo. Kaka alilalamika kifua asubuhi nzima, na mimi sikuelewa unaishije na mtu nyumba moja ukamwacha akae mezani anaandika wakati kifua kinambana. Sikumwambia kitu. Niliacha tu simu zake ziite mpaka zikatike. Mawifi hatukosi ya kuchokozana, na zamani tulichokozana kwa kicheko. Siku hizi tulisalimiana kama wapangaji wa nyumba moja waliokutana mlangoni.

"Alihifadhi?" nikamuuliza.

"Sijui. Mimi nilichomoa waya."

Nikamtazama.

"Nilichomoa waya, wifi. Betri yake ilishakufa zamani, unajua. Skrini ikawa nyeusi palepale." Alikuwa anaongea na shati, si na mimi. "Nataka kujua kama nilimpotezea maneno yake. Hilo tu. Ukiniambia ndiyo, nitakubali."

Watu wakimwona mtu ana jambo kama hili moyoni humwambia maji yakimwagika hayazoleki. Katika kazi yangu wakati mwingine huzoleka, mradi asitokee mtu akamwaga mengine juu yake. Wifi alikuwa ameifungia mashine kabatini bila kuiwasha hata mara moja, na kwa hilo nilimshukuru, ingawa kimoyomoyo.

Wakati ninanakili diski yote, maana sigusi kitu cha mtu kabla sijakinakili, nilimweleza kwa sauti kavu kidogo. Unapoandika, maneno hayaendi moja kwa moja kwenye faili lako. Yanakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme. Umeme ukikatika, nayo imekwisha. Kwa hiyo programu ya kuandikia, kwa kuwa haiuamini umeme, kila unapotulia kidogo huchota ulichoandika na kukiweka kando kwenye faili la muda, mahali usipopaona. Ukihifadhi na kufunga vizuri, hulifuta yenyewe. Ukikatikiwa ghafla, linabaki pale kungoja.

"Kama mimi nilivyokuwa nikimfuata nyuma kuokota soksi," alisema wifi.

Nilitaka kucheka nikajizuia.

Nilipoifungua hotuba, programu iliniuliza swali lake la kawaida: faili hili halikufungwa vizuri, kuna nakala ya muda iliyo mpya zaidi, urejeshe nakala hiyo, ufungue faili la zamani, au ufute nakala? Nikageuza skrini upande wangu, nikafungua nakala zangu za yote mawili, moja kando ya nyingine.

Faili la zamani lilihifadhiwa usiku wa kuamkia siku ile. Hiyo ilikuwa tabia ya kaka. Mtaani walimwita Katibu, kwa sababu hapakuwa na kamati ambayo hakuiandikia, na mtu huyohuyo hakuwahi kubonyeza hifadhi mpaka ainuke kwenye kiti. Kuhifadhi ni kumaliza, alikuwa akisema, nami bado. Nilimgombeza mpaka nikachoka.

Katikati ya faili hilo palikuwa na kipande kuhusu mke wake. Nilikisoma, nikavuta pumzi, nikahamia kwenye faili la muda.

Mwanzo ulikuwa uleule. Salamu zilikuwa zimerefushwa kidogo na utani wa bwana harusi umenolewa. Kisha nasaha za ujirani, kisha moja kwa moja shukrani kwa wageni. Kipande cha mke hakikuwepo. Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Kilikuwa kimeondolewa chote, hata alama ya mwisho.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha, ndogo na chungu. Nilijiambia, kumbe hata yeye alikuwa amemchoka. Kisha nikainua macho. Wifi alikuwa analikunja lile shati juu ya mapaja yake, mkono juu ya mkono, kola imelazwa sawasawa, kama la mtu atakayelivaa kesho. Aibu ikanishika mpaka masikioni.

Nikaamua. Ningefuta nakala ya muda kila mahali, nimpe faili la zamani, nimwambie hakuna kilichopotea. Nani angejua? Kidole changu kilikuwa tayari kimefika.

"Umeona kitu," alisema wifi. "Uso wako haujui kuficha. Ndiyo maana kwenye karata tunakufunga kila siku."

"Siku ile mligombana?" nikauliza.

"Tuligombana sana. Tangu asubuhi namwambia inuka twende hospitali, yeye anasema nimalizie kidogo. Naenda jikoni, narudi, nimalizie kidogo. Nikafua, nikarudi, nimalizie kidogo. Ndipo nikachomoa waya. Nilijua atanifokea. Hakunifokea. Aliitazama skrini akasema, ah, nilikuwa nahamisha kipande. Nikamuuliza kipande gani. Akasema utakisikia siku yenyewe. Akavaa viatu. Hatukufika."

Niliondoa mkono kwenye mashine.

Kinyongo nilichokibeba tangu msibani sikujua nikitue wapi. Mwanamke huyu alikuwa amepigana na kaka yangu asubuhi nzima ili amtoe kwenye kiti, na mimi nilikuwa ninaiacha simu yake ilie mkononi mwangu.

"Nisamehe," nikasema.

"Kwa lipi?"

"Kwa simu zako."

"Nilijua uko hapo unaitazama tu," alisema. "Sema ulichokiona."

Nikamgeuzia skrini. Nikamweleza kwamba ukikata kipande ili ukihamishe, kinatoka kilipokuwa na bado hakijafika kinakokwenda. Katikati hapo kimeshikwa na kumbukumbu ya mashine peke yake. Faili la muda halikioni. Lenyewe linaona pengo tu, na haliwezi kujua kama mtu amefuta au anahamisha. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba amefuta. Bila maneno ya mwisho ya kaka pale mezani, ningekufa nikiamini hivyo.

"Kwa hiyo nilikipoteza," alisema.

"Kile alichokishika, ndiyo. Lakini cha jana yake kipo. Nikusomee?"

Aliitikia kwa kichwa. Nikasoma:

"Mwanangu, watu watakuambia mke mwema habishi. Usiwasikilize. Mama yako hajawahi kunikubalia jambo bila kulipima kwanza. Alinikatalia nyumba ile ya bondeni, na mvua ilipokuja tukaona ilivyoondoka. Alininyang'anya funguo za pikipiki mbele ya rafiki zangu, nami nikanuna wiki nzima, nikiwa mzima. Kama si ukorofi wake ningekuwa nimeshazikwa mara mbili. Ukimwona ananiudhi, jua kwamba ananiokoa."

Wifi alikisikiliza chote bila kusogea.

"Safari hii nilichelewa," alisema.

Nilizunguka meza nikamshika, akalia, nikalia, na mteja aliyesukuma mlango akaurudisha taratibu na kwenda zake.

Tulipotulia aliniuliza, "Alikuwa anakipeleka wapi?"

"Hilo faili haliwezi kutuambia."

"Mwisho," alisema akijifuta macho kwa kiganja. "Siku zote alikula wali kwanza, nyama akaiacha mwisho. Kiweke mwisho."

Nikabonyeza rejesha, salamu ndefu na utani wake mpya vikarudi. Nikakichukua kipande kutoka kwenye faili la zamani, nikakibandika baada ya shukrani kwa wageni. Nikahifadhi. Nilipotaka kufunga, nikasita.

"Nikifunga sasa, lile faili la muda litajifuta," nikamwambia. "Ndilo lililochota maneno yake siku ile. Nakala ninayo, lakini lenyewe litaondoka."

"Usifunge leo."

"Sawa."

"Iache ikiwaka tu."

Aliinama chini ya meza. Plagi ilikuwa imeingia ukutani mpaka mwisho, nami nilimwambia hivyo, lakini aliisukuma tena kwa kiganja, akabaki ameishikilia.