Vitambaa vya Kavindu

Mimi vitambaa sivipendi, na niseme hilo mapema ili mtu asidhani nasimulia haya kwa mapenzi. Nimelelewa Buruburu, katika nyumba ambayo kila kitu kilivikwa kitambaa: makochi, redio, televisheni, mpaka mtungi wa maji ya kunywa. Jumamosi mama alivifua, akavitia wanga, akavianika, na ole wako ukalie kochi kabla havijarudi mahali pake. Nilipopata kazi nikajiambia, sasa nitakaa mahali ambapo kiti ni kiti tu. Kumbe naruka mkojo nakanyaga mavi. Nikaletwa mtaa wa Baba Dogo, ofisi ya kiwanda cha magodoro, nikapewa meza inayotazamana na ya Kavindu.

Kavindu alikuwa mtu wa mapokezi na pia ndiye aliyetuchapia barua zote. Mama wa makamo, sauti ya chini, viatu vya raba kila siku. Na alifuma kwa krosheti, uzi mweupe pepepe. Simu ya mezani ilikuwa na kitambaa. Printa ilikuwa na kitambaa chenye maua pembeni. Themosi ya chai ilivalia sketi. Stepla, jameni, stepla ilikuwa na koti! Siku moja nilitoka msalani nikakuta kikombe changu, ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa, kimefungwa mshipi mweupe.

"Kavindu, mimi sikukuomba kitu," nikamwambia.

"Kilikuwa kinasikia baridi, Phelister."

Nikautoa. Baadaye nikaurudisha, kwa sababu kweli ulizuia vidole visiungue. Si kwa sababu nyingine.

Lakini hakuna aliyemkataza kufuma, hata mimi na mdomo wangu huu, kwa kuwa sote tulijua habari ya mkono. Kavindu aliwahi kupigwa na kiharusi, kidogo tu, kikamshika mkono wa kulia. Hospitalini walimwambia vidole visikae bure: afume kidogo kidogo mchana kutwa, asingoje jioni amalizie yote kwa mkupuo, la sivyo vitakakamaa. Basi barua moja, mistari miwili ya kufuma. Simu moja, mistari miwili. Mkono ukarudi. Alichapa haraka kuliko mimi, na mimi sina maradhi yoyote ila hasira.

Mtu wa tatu alikuwa Tobias, wa mauzo. Tobias hawezi kuuza godoro kabla hajalilalia. Kila mzigo mpya ukitoka kiwandani anavua viatu, anajitupa juu ya godoro moja, anafumba macho, halafu anatangaza, "Huu mzigo umetulia," ama, "Huu utaleta ugomvi kwa nyumba ya mtu." Saa nne ya chai ndiye aliyekuwa na kazi ya kugonga themosi kwa kijiko, ngo ngo ngo, kama kengele ya kanisa, ingawa sote tulikuwa tumeketi hatua chache kutoka kwake. Mandazi yalitoka kwa mama wa pale getini, na lile kubwa kuliko yote Tobias alilificha chini ya gazeti akampa Kavindu. Alidhani hatumwoni.

Na Tobias ndiye aliyetuombea Jumatatu asubuhi kabla ya kazi. Sasa maombi ya Tobias si maombi, ni taarifa ya habari. Ukitaka kujua nani anaumwa, nani amegombana na mumewe, nani mtoto wake amefeli, wewe inamisha kichwa tu. Mimi nilipohamishwa nyumba na landilodi sikumwambia mtu, lakini Mungu aliambiwa mbele ya wote, mpaka rangi ya lori lililobeba vitu vyangu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka walipotuletea Muturi.

Muturi alikuwa meneja mpya, kijana bado, suti ya kijivu, mlango umefungwa. Ukimpungia mkono kutoka mbali hakuitikii, anapita tu. Barua akipewa anaipeleka karibu na pua kana kwamba ananusa kama ni mbichi. Akaagiza kila karatasi ichapwe kwa herufi kubwa kubwa. Nikasema moyoni, na pia kwa mdomo, "Huyu ana maringo."

Wiki yake ya kwanza, simu ya mapokezi ikaita, Kavindu akiwa msalani. Muturi akatoka ofisini kwake kwa haraka, akanyoosha mkono kwenye meza, akanyakua themosi akaipeleka sikioni. Chai yote suruali. Tobias alitoka nje ili acheke vizuri. Mimi nilijiuma shavu.

Muturi alisimama pale, chai inamdondoka, akauliza, "Hii ni ofisi ama ni sebule ya nyanya yangu?"

Akakung'uta suruali, akaongeza:

"Vitambaa vyote vitoke leo. Na sitaki kuona mtu anafuma hapa. Tuko kazini."

Kavindu aliporudi tukamweleza. Alivitoa kimoja kimoja, akavikunja, akavitia kwenye mfuko. Nilimwambia aende akamweleze huyo mtu habari ya mkono wake. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mkataba wangu unaisha mwezi huu," akasema. "Anayeamua kama unaendelea ni yeye. Nimwambie mpiga chapa wake ni mgonjwa wa mkono? Phelister, nina wajukuu wawili nyumbani wanaonitegemea. Tafadhali, asijue."

Tukaapa hatajua. Mimi, naye Tobias, mkono juu ya Biblia yake mwenyewe.

Kavindu akajaribu kufuma stoo, juu ya godoro la Tobias la kulalia, lakini Muturi akaanza kuuliza mbona mapokezi hapana mtu. Akaacha. Nyumbani jioni alikuwa na jiko, na nguo za wajukuu, na kitanda. Vidole vikaanza kugoma. Kwanza alikuwa akidondosha vitu, kalamu, kijiko. Halafu herufi zikaanza kuruka kwenye barua. Alichapa mara ya pili, mara ya tatu, akabaki wakati wa chakula kurekebisha. Mimi nikawa nampokonya barua nyingine kimyakimya nazichapa mwenyewe. Nilikuwa na kazi yangu, lakini ningefanya nini? Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja mbio.

Ikafika Jumatatu moja. Muturi, ambaye hakuwa na desturi ya kuja kwenye maombi, akafungua mlango wake akasimama nasi, akainamisha kichwa. Pengine hiyo ndiyo iliyompa Tobias moto. Akaanza vizuri kabisa.

"Baba, tunakushukuru kwa wiki nyingine. Wengi walitamani kuiona siku ya leo na hawakuiona. Si kwa wema wetu, Bwana. Tunamkabidhi bosi wetu mikononi mwako. Mkumbuke dada Phelister, mpunguzie hasira." Nikasaga meno. "Na zaidi ya yote, Baba, mguse dada yetu Kavindu. Wewe unaujua ule mkono wa kulia uliopigwa na kiharusi, Bwana, wewe unaona vile vidole vinakakamaa tangu akatazwe kufuma, na vile anaficha asipoteze kazi..."

Macho yangu yalifunguka yenyewe. Ya Tobias pia yalikuwa wazi, yamemtoka pima. Midomo ilikuwa bado inakwenda lakini sauti ilianza kufifia.

"...ama, ee, kama si mkono, Baba, basi labda ni mguu, ama ni mtu mwingine kabisa, wewe wajua. Amina."

"Amina," akasema Muturi, peke yake. Kisha akasema, "Kavindu. Njoo ofisini."

Kavindu akanyoosha sketi yake, akaingia, mlango ukafungwa.

"Tobias," nikasema, "umemmaliza huyu mama."

"Nilikuwa naomba tu! Mtu akiwa mbele za Mungu atadanganya?"

"Mungu alikuwa anajua! Asiyejua alikuwa Muturi!"

Akatafuta pa kushika. "Lakini pia, Phelister, mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nyamaza kabla sijakuumbua mimi."

Akaketi akaufunika uso kwa mikono. Nikaona mabega yanatikisika, nikamwacha. Kumpiga aliyeanguka si desturi yangu, ingawa nilitamani.

Kavindu alitoka akiwa mkavu, hana chozi. "Amesema atanipa jibu Jumatatu ijayo," akatuambia. "Ameniuliza ni nani mwingine alikuwa anajua. Nikasema wote. Halafu akaniuliza kitu sikuelewa."

"Kitu gani?"

"Kama kuficha kulikuwa kunanichosha."

"Ukasema?"

"Nikasema kunachosha kuliko huo ugonjwa."

Wiki hiyo kijiko hakikugongwa. Saa nne ilipofika kila mtu alijimiminia akanywa akitazama ukuta. Tobias hakulalia godoro hata moja, na mzigo uliotoka sijui kama ulikuwa umetulia. Lile andazi kubwa lilibaki kwenye sahani mpaka jioni, hakuna aliyekuwa na uso wa kulichukua. Na mimi niliyetaka kiti kiwe kiti tu, nikatazama simu ikiwa simu tu, printa ikiwa printa tu, nikahuzunika. Basi, nimesema.

Jumatatu ikafika. Tukasimama. Tobias akasema hataomba tena maishani, aombe mwingine. Nikamtazama Kavindu, Kavindu akatazama viatu vyake vya raba.

"Nitaomba mimi," akasema Muturi kutoka mlangoni.

Akaja akasimama katikati, bahasha mkononi. Aliomba kama mtu asiyezoea, maneno machache, mapengo mengi.

"Mungu, asante kwa siku. Wabariki hawa. Na macho yangu, Mungu. Daktari amesema yanaenda. Miwani haisaidii. Makao makuu hawajui, kwa sababu niliogopa wakijua watanitoa." Akapumua. "Imenichosha. Amina."

Hakuna aliyeitikia amina. Tulikuwa tumesahau kwamba ni maombi. Mimi nilikuwa nafikiria mikono yote niliyompungia kutoka mbali, na jina la maringo nililompa kwa kutoitikia.

Akamnyooshea Kavindu bahasha. "Mkataba wako. Niliutia sahihi tangu Ijumaa. Lakini angalia kama iko mahali pake."

Kavindu akautoa, na mimi, kwa kuwa sina adabu, nikachungulia. Mstari wa sahihi ulikuwa chini kabisa, mweupe, haujaguswa. Sahihi yenyewe ilikuwa juu, imepita katikati ya jina la Kavindu.

"Iko karibu," akasema Kavindu.

Muturi akacheka kidogo. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. "Basi utauchapa tena, Mama. Polepole, kwa huo mkono. Nitangoja. Na mstari uuchore mnene."

"Sawa, bosi." Halafu, badala ya kwenda kukaa, akabaki amesimama. "Bosi, ile siku ya chai..."

"Vitambaa vyako vilikuwa vyeupe vyote," akasema Muturi. "Simu, themosi, printa, mimi nilikuwa naona wingu moja tu juu ya meza. Niliona aibu ndiyo nikakasirika."

Kavindu akafikiri. Ni ule uso wake wa kupima kitu kabla hajakivisha, naujua.

"Ni rangi gani unaiona vizuri?"

Muturi aliinua uso. "Njano," akasema. "Njano bado naiona."

Wakati wa chakula nikachukua mkoba wangu. Kavindu akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Eastleigh. Kufanya nini? Kununua uzi. Tobias akafungua mdomo aseme kitu, nikamwonyesha kidole, akaufunga. Bulle, muuzaji wa uzi, aliona vile nachagua mabunda ya njano nayaangalia mwangani akaniuliza, "Mama, mna harusi?"

"Hatuna," nikamwambia. "Ni ya simu."

Makao makuu hawajui mpaka leo, si habari ya Kavindu, si ya Muturi. Tobias tumemruhusu kuomba tena, ila kimoyomoyo, na mimi husimama karibu naye nikimtazama midomo. Kijiko kinagongwa. Themosi iko uchi kwa amri ya bosi mwenyewe. Kavindu anafuma kati ya barua na barua, na vidole vimeanza kumtii tena, si vyote.

Juzi Kavindu akiwa msalani, simu ikaita. Nilinyanyuka niipokee, nikasikia mlango wa Muturi unafunguka, nikajizuia nikakaa. Akatoka, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye ile njano, akaipeleka sikioni.

"Haloo," akasema, "kiwanda cha magodoro, tukusaidie vipi?"