Jina Usiliguse

Mwanangu alikuwa anaitwa Sikujua. Nilimpa jina hilo kwa sababu mimba yake niliidhani malaria mpaka ilipofika mwezi wa tano, na wakwe zangu walicheka wakasema basi, jina limejileta lenyewe. Kuanzia hapo Kharumwa nzima iliniita Mama Sikujua, na ni wachache wanaokumbuka kwamba naitwa Limi.

Alipokuwa na miaka saba alitumbukia kwenye duara, shimo la wachimbaji lililoachwa wazi likajaa maji ya mvua. Wenye duara walishahama kufuata dhahabu kwingine. Sitaongeza neno hapo, maana nikianza nitatukana.

Nilimtungia wimbo. Mume wangu, Maganga, alipiga gitaa, tukarekodi kwenye studio moja ndogo iliyobandikwa trei za mayai ukutani. Maneno yenyewe machache: "Sikujua, uliondoka bila kuaga. Sikujua, mlango bado uko wazi." Kisha naliita jina peke yake, na Maganga anaziacha nyuzi, panakuwa kimya kabisa. Hapo ndipo mwanangu alipokuwa anaitika "Abee!" nilipomwita kutoka uani. Kimya kile tulimwachia yeye. Kila nilipousikiliza wimbo, hapo nilimsikia.

Mwaka jana akaja Davis, mwanamuziki wa Nyahanga kule Kahama, kijana mwenye adabu zake. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akala matobolwa yetu, viazi vitamu vya kukausha, bila kudengua, ndipo akaomba ruhusa ya kuurudia wimbo. Nilimuuliza kwani yeye hana nyimbo zake. Akasema anazo nyingi na watu wanazicheza, lakini hakuna hata mmoja uliowahi kunyamazisha baa, na wangu aliuona ukiinyamazisha. Alisema kuna kilio ambacho msanii hawezi kukitunga, anaweza kukiazima tu kwa mwenyewe. Jibu hilo lilinilainisha. Niliwaza sauti yake itafika Mwanza, itafika hata Dar, na kote huko jina la mwanangu litaitwa.

"Urudie," nikamwambia. "Ila jina usiliguse."

"Sitagusa hata herufi, mama."

Mara ya kwanza niliusikia sokoni Kalangalala, nilipokwenda Geita kununua vitenge. Jina lilikuwepo, herufi zote. Ila aliliimba haraka haraka, limeunganishwa na maneno yanayofuata, "sikujua uliondoka bila kuaga," mwanamume analalamikia mpenzi aliyemtoroka. Na pale penye kimya aliweka wasichana wanaoitikia, "Nani angejua!" Wauza dagaa walikuwa wanakata viuno. Muuza vitenge alinitazama usoni, akanipa kiti.

Nikampigia simu Davis. Alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli, jambo ambalo lilinikera zaidi. Alisema ahadi ameitimiza, jina la wimbo hakuligusa, bado unaitwa hivyo hivyo.

"Jina la mwanangu, Davis. Sikujua ni mtoto."

"Mama, mimi nilidhani ni wewe hukujua. Nilidhani wanakuita Mama Sikujua kwa ajili ya wimbo."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wahenga walisahau kusema kwamba wengine wataucheza.

Aliomba radhi mpaka nikachoka kumsikiliza. Akasema njia ya kulitengeneza ni mimi na Baba Sikujua tupande kwenye jukwaa lake, Jumapili mchana, tuuimbe kama tulivyoutunga. Tukaenda. Mshereheshaji alitutambulisha kwamba mama huyu naye atarudia wimbo wa Davis. Davis akamnyang'anya kipaza sauti akaeleza yote: mtoto, duara, jina. Ukumbi ulipoa. Kuna wanaume walivua kofia, na mwanamke mmoja wa mbele alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Nikajiambia kumbe si mbaya, wameelewa.

Nikaimba taratibu, neno kwa neno. Nilipofika mahali pake nikaliita jina kama nilivyokuwa nikiliita uani. Maganga akaziacha nyuzi.

"Nani angejua!" ukumbi mzima ukaitikia.

Haikuwa kejeli. Midomo ilishazoea, ikatangulia. Yule wa mbele aliitikia huku machozi yanamtoka, kisha akajiziba mdomo kwa khanga. Davis aliinamisha kichwa. Maganga hakulishika tena gitaa, tukashuka wimbo ukiwa haujaisha.

Davis ameacha kuuimba, nimeambiwa. Mabaa hayajaacha.

Siku hizi nikiwa peke yangu jikoni huliita jina lile, kisha nanyamaza nisikilize. Zamani Abee ilikuja. Sasa wanaitika wao.