Mtoto wa Ovakado Mbili

Austin, binamu yangu wa Soweto West, huko Kibera, alikuwa ameanguka mtihani wa kupima tumbo ya mama mjamzito huko chuo ya wauguzi. Akianguka tena Jumatatu, anafukuzwa. So Jumamosi akaja kwetu Kawangware kwa Kukhu, nyanya yetu, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji chao.

"Kukhu, nifunze haraka."

"Haraka? Mimi nilibeba kikapu ya shangazi yangu, mkunga, miaka sita ndio akaniruhusu kugusa tumbo ya mtu."

"Sisi tunafunzwa na doli ya plastiki. Wiki mbili."

"Ndio maana umeanguka."

Kukhu akatengeneza mtoto wa matambara, kichwa ni ovakado mbichi. Mimi ndio nikawa mama. Siongeangi sana, kwa hivyo watu hudhani sina makosa. Nikienda kumfunga huyo mtoto ndani ya sweta, nikamwekea ovakado ingine upande wa matako.

Austin akabonyeza. "Kichwa iko chini." Mkono ukapanda juu. Akarudi chini, jasho inamtoka. "Kukhu... huyu ako na vichwa mbili!"

Kukhu akaweka mkono mara moja tu. "Hii ya juu imeiva. Si ndio ya supper hii, Mercyline?"

Nikacheka mpaka mtoto akaanguka.

"Na wewe Austin, mama anajizuia kucheka tangu uanze, hata hukumwangalia uso. Ulimsalimia? Shangazi angekuchapa mwiko. Kwanza uliza mama amelala aje, amekula nini. Mkono ni baadaye."

Jumatatu, mbele ya darasa yote, Austin akasugua mikono zipate joto, akainamia doli.

"Mama, niaje? Umelala poa? Umekula?"

Watu wakavunjika mbavu. Doli ikanyamaza. Mwalimu wao, Madam Waithira, hakucheka. Akaandika kitu, akaandika ingine.

"Tangu asubuhi watu kumi na nane wamemshika huyu mama kama gunia," akasema. "Huyu pekee amemsalimia. Endelea, Austin."

Akaendelea. Kichwa akaipata, moja tu. Akapita.

Jioni akaleta ovakado mbili. "Moja ya Kukhu. Hii nayo ni yako, mama vichwa mbili."

Ya Kukhu ilikuwa laini kama siagi. Nikabonyeza yangu. Jiwe.

"Pole, mama," Austin akasema, mkono kwa bega yangu. "Hiyo bado wiki mbili. Lakini umekula?"