Mzizi wa Mzee Geng

Daktari Qu, mwenye duka la mitishamba, aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa Mzee Geng, kisha akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa na utando mzito kama uji uliolala.

"Dawa yako maji matupu!" Mzee Geng alifoka. "Siku ya tatu hii nachemsha, na tumbo bado limejaa kama ngoma."

Daktari hakubabaika. Dawa ile ya maganda makavu ya machungwa na mbegu za figili, mama yake aliipima kwenye mizani ileile ya dukani, na matumbo ya mtaa mzima yalikuwa mashahidi.

"Unakunywa na nini kingine?"

"Supu ya jinsengi tu. Mwanangu kaniletea mzizi mnono, wa kunipa nguvu."

"Mzee wewe! Hata mkwe wangu asiyejua kuchemsha maji anajua figili na jinsengi havikai tumbo moja. Hii inashusha, ile inapandisha. Umeligeuza tumbo uwanja wa kuvutana kamba!"

Mzee Geng alinywea. "Sasa ule mzizi niutupe?"

"Utupe, una wazimu? Niletee mimi. Kukutibu wewe kunataka nguvu."