Handaki la Nne, Upande wa Pili

Saa kumi kamili alasiri, king'ora cha Kampuni ya shaba kilipolia upande wa kaskazini, Wivine Mujinga alifuta mikono kwa kitenge, akatoa santuri katika jalada lake, akaipangusa kwa unyoya wa kuku na kuiweka kwenye gramafoni ya betri iliyokaa juu ya kasha la bia mlangoni pake. Wateja wa munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi, walishika vikombe vyao na kusogeza vibao karibu. Huo ulikuwa mwaka 1974, mtaa wa Naviundu, Katanga, na Wivine alikuwa amefanya hivyo kila siku kwa karibu miaka mitatu, isipokuwa Ijumaa Kuu.

Kila nyumba ya mtaa ule yenye gramafoni ilikuwa na santuri moja iliyorudiwa kuliko zote. Hortense, muuza mkaa, alikuwa na nyimbo za Noeli, akazipiga hata mwezi wa saba. Mzee Kasimu, fundi wa redio, ambaye wazazi wake walitoka Maniema, alikuwa na kaswida alizozijua mpaka mahali ambapo mmoja wa waimbaji anakohoa. Akikosa kukisikia kikohozi hicho, alisema, siku yake haijaanza.

Santuri ya Wivine ilikuwa ya orkestra ya kambi ya wafanyakazi. Ilirekodiwa mwaka 1968 kwa siku moja, nyimbo kumi na mbili, sita kila upande. Mwimbaji alikuwa mumewe, Adalbert Mwaba. Ni yeye pia aliyegonga chupa tupu ya limonadi kwa msumari, kwa kuwa katika muziki wa Katanga wa wakati ule chupa ndiyo ilishika mwendo, magitaa yakafuata. Kwenye jalada, neno Adalbert lilikuwa limefutwa kwa kalamu. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na karani wa mtaa alieleza kwamba amri hiyo inawahusu wafu pia.

Wimbo uliopendwa zaidi ulikuwa wa tatu, upande wa pili. Unaitwa "Usifunge Mlango." Mtu anatoka kazini, anamwomba mkewe asifunge mlango, kwa sababu anakuja, amechelewa tu.

Vumbi la kijani lilianza kuonekana mwezi wa nne, mvua zilipokwisha. Lilikusanyika pembeni mwa sindano kila wimbo wa tatu ulipopigwa. Mwanzoni Wivine alilipangusa na kulimwaga uani. Mwezi wa sita yalitoka mawe madogo kama punje za mahindi, akampelekea Mzee Kasimu gramafoni na santuri yake.

Mzee Kasimu alivaa miwani, akaipindua santuri juani kwa muda mrefu.

"Mama Wivine, sindano yako haina ubaya. Ni hii disiki njo iko nachimba."

"Nachimba nini?"

"Unaniuliza mie? Mie niko fundi ya radio, siko injenia. Lakini angalia hapa, kwa wimbo ya tatu. Nimeingiza waya ya mita mbili. Haikugusa mwisho."

"Disiki iko nyembamba, Mzee."

"Hata karatasi ya Kampuni iko nyembamba, mama. Na iliingiza bantu wangapi chini?"

Alimpa sindano mpya na kumwambia aibadilishe kila Jumatatu.

Adalbert alikuwa mchimbaji. Tarehe tisa Novemba 1971, paa la Handaki la Nne lilianguka. Wanaume kumi na wanane walitoka, yeye hakutoka. Wenzake walisema walimsikia akigonga bomba la hewa kwa kitu cha chuma, kwa mwendo ule ule wa chupa, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu injinia alitia saini, handaki likazibwa kwa sementi, maana Handaki la Tano lilikuwa jirani na kazi haikuweza kungoja. Wivine alipoomba apewe mwili wa mumewe auzike, alijibiwa kwa barua yenye mihuri miwili. Barua ilisema kwamba kwa sheria, kila kilicho chini ya ardhi ni mali ya Serikali, na Kampuni imekabidhiwa kukitunza. Barua ya pili, iliyofika wiki hiyo hiyo, ilimtaka ahame nyumba ya kambi, kwa kuwa nyumba ni ya mfanyakazi na yeye hakuwa mfanyakazi. Akahamia Naviundu na gramafoni, kitanda, sufuria ya munkoyo na santuri.

Mwezi wa saba wimbo wa tatu ulikwisha lakini chupa haikunyamaza. Ilivuka kimya cha katikati, ikaendelea kugonga, na wapiga magitaa wa wimbo wa nne wakalazimika kungoja. Siku ya kwanza walingoja kidogo. Baada ya wiki mbili walikuwa wakingoja robo saa, na mmoja wao alisikika akikaza uzi wa gitaa. Wateja walikunywa taratibu. Hakuna aliyeondoka.

"Anagonga vizuri leo," alisema Hortense.

"Jana alichoka," alijibu mteja mwingine.

Mzee Kasimu aliweka sikio karibu na santuri, akapima tena kwa waya, safari hii akiwa ameunganisha nyaya tatu.

"Imebakia kidogo," alisema. "Ukiipiga hivi kila siku, bila kuruka, mbele ya Noeli utamufikia."

Hapo Wivine alifanya kosa. Asingelifanya mtu mwenye hila, wala mtu ambaye hakukulia katika kambi ya Kampuni, mahali ambapo kila jambo huanza kwa kupanga mstari dirishani. Alichagua jiwe kubwa kuliko yote, la ukubwa wa harage, akalifunga katika leso, akavaa kitenge cha kanisani na kwenda ofisini kueleza kwamba njia ya kumfikia mumewe imepatikana. Aliamini kwamba watu wanaoishi kwa mawe hawawezi kulikataa jiwe.

Hawakulikataa. Maabara ililisoma siku hiyo hiyo, ikaandika kwamba ni jiwe la Handaki la Nne, lenye shaba nyingi kuliko lolote lililotoka mgodini tangu mwaka 1967. Karani alimpa Wivine kiti na kikombe cha chai. Alirudi Naviundu akiwa na furaha, akawaambia wateja kwamba wamempa kiti.

Asubuhi ya pili gari la Kampuni lilisimama mlangoni. Alishuka Kapya, mkuu wa mambo ya sheria, amevaa abakosti, koti la Serikali lisilovaliwa na tai, na beji ya chama kifuani, na walinzi wawili nyuma yake. Kapya alizaliwa kambini, nyumba ya tatu kutoka kwa Adalbert.

"Sitwayene Mujinga," alisema, kwa neno la Kifaransa ambalo Serikali iliamuru kila mwanamke raia aitwe.

"Kapya, mwana ya Mama Mumba, ikala kwanza. Utakunywa munkoyo?"

"Niko kwa kazi, mama."

"Na kazi inakataza munkoyo?"

Kapya aliketi. Alipewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili kama alivyofunzwa na mamaye.

"Kwa arusi yako Adalbert aliimba mpaka sauti ikakauka," alisema Wivine.

"Najua. Hata mie niko nayo kwangu, hii disiki. Tunaipiga siku ya Mungu."

"Na yako iko nachimba?"

"Apana. Shee tuko na disiki mingi. Hatuipige sana."

Alifungua mkoba, akatoa fomu yenye nakala tatu, akaisoma kwa Kifaransa tangu juu mpaka chini, kisha akaeleza kwa Kiswahili kwamba santuri inakuwa eneo la uchimbaji na kwamba mwenyewe haruhusiwi kuipiga, kuipangusa wala kuihamisha.

"Mie niliomba muniletee bwana yangu," alisema Wivine. "Sikuomba mubebe disiki."

"Mama, kitu chenye kuwa chini ya sindano iko chini. Sheria haiseme chini ya nini."

Mzee Kasimu alikuwa amesimama uani na bisibisi mkononi.

"Na kaburi ya baba yako, Kapya? Nayo iko chini. Mutaikamata siku gani?"

Mlinzi mmoja alicheka, kisha akaacha. Kapya aliangalia fomu. Alimaliza munkoyo wake, akashukuru, akaifunga santuri kwa kamba na kuipiga lakiri. Gramafoni waliichukua pia, kama chombo cha kazi. Saa kumi king'ora kilipolia, wateja walisogeza vibao kama kawaida, wakaliangalia kasha la bia.

Kampuni iliiweka santuri katika banda la mabati ndani ya uzio. Ikapangiwa zamu tatu kwa siku. Sindano zilikuwa za chuma kigumu, zikibadilishwa kila baada ya saa mbili, na wimbo wa tatu ulipigwa bila kupumzika, jiwe likatoka kwa koleo, kisha kwa toroli, kisha kwa lori. Redio ilitangaza kwamba ni ushindi wa wafanyakazi. Jumamosi, watumishi walipopangwa uwanjani kucheza na kuimba sifa za chama, miguu yao iliacha ngoma ya chama na kufuata chupa kutoka bandani. Wasimamizi waliona ni bidii, wakaandika hivyo.

Stanislas, aliyekuwa akipiga gitaa la pili katika orkestra ya Adalbert, alitolewa mgodini na kuwekwa bandani, kwa sababu aliijua santuri. Ni yeye aliyekuja kumweleza Wivine mambo yalivyokwenda. Alikuja Jumapili baada ya misa. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka viwikoni, na alikataa kuketi.

"Siku ya makumi ine," alisema, "sindano ilileta jetoni."

Jetoni ni kile kipande cha shaba chenye namba ambacho mchimbaji hukichukua ubaoni anaposhuka, na kukirudisha anapopanda.

"Namba gani?"

"Unajua namba, mama."

"Sema."

"Elfu tatu mia moja kumi na saba."

Wivine aliikunja leso iliyokuwa magotini pake.

"Chupa ilikuwa karibu sana," aliendelea Stanislas. "Si chupa tena, iko bomba. Unasikia mpaka pumuzi. Nikaita injenia. Alivaa masikizo, akasikiliza dakika moja nzima. Akasema, 'Ni kweli, iko muntu.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Mbele ya shee wote. Halafu akasema kutoa bantu chini iko kazi ya kitengo ingine, yeye iko wa mawe. Akauliza maabara kama jiwe ingali nzuri. Maabara ikasema shaba imepunguka. Akaandika kwa daftari: imekwisha."

"Na jetoni?"

"Ilienda kwa tanuru na shaba ingine."

Wivine alingoja. Alimfahamu Stanislas tangu alipokuwa kijana asiye na gitaa, akaona kwamba hajamaliza.

"Walileta sementi," alisema Stanislas. "Walisema tundu inaweza kuletea bantu hatari. Kijiko ya kupakaa sementi walinipa mie, juu niko na mukono ya polepole." Alitazama chini. "Niliitia maji mingi, mama. Mingi sana. Nilisema labda haitashika."

"Ilishika?"

"Ilishika."

Wivine aliingia ndani, akatoka na beseni la maji na sabuni, akaliweka mbele yake. Stanislas aliosha mikono mara tatu. Rangi ya kijivu haikutoka, na mpaka leo anayo. Gitaa hakulishika tena.

Jumatatu gari lilirudi na santuri na gramafoni. Kapya hakuja, alimtuma dereva na fomu nyingine ya nakala tatu, ambayo ilisema kwamba eneo linarudishwa kwa mwenyewe katika hali nzuri. Wivine alitia saini mahali palipoonyeshwa, akaandika Wivine, jina zima, kwa herufi kubwa. Dereva alisema jina hilo la ubatizo halikubaliki. Wivine alimwambia basi aiambie Kampuni irudi ichimbe jina lingine. Dereva aliiacha fomu kama ilivyo, kwa sababu alikuwa na nyumba tano za kupitia.

Santuri ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nyimbo tano za upande wa pili zilikuwapo. Katikati yake, mahali pa wimbo wa tatu, palikuwa na duara la sementi, limesawazishwa vizuri, na pembeni mtu amegandamiza muhuri wa Kampuni kabla haijakauka. Mzee Kasimu alifunga chini ya gramafoni springi ya baiskeli ili iweze kuizungusha.

Saa kumi king'ora kililia. Zamu ya asubuhi ilikuwa ikipanda. Wivine alifuta mikono kwa kitenge, akaipangusa santuri kwa unyoya wa kuku, akashusha sindano. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kisha sindano ikapanda sementi, ikakwaruza, na chini yake, mbali kuliko mwezi wa saba, chupa ikagonga.

Wateja waliinama.

"Iko," alisema Hortense.

"Iko," alisema Mzee Kasimu, akaanza kutafuta waya mfukoni, kisha akauacha.

Tangu siku ile imekuwa hivyo. Sementi haichimbiki kwa sindano, Mzee Kasimu amejaribu za kila aina. Wivine aliandika barua nne ofisini, na jibu la mwisho lilisema kwamba Handaki la Nne halina mtu, na kwamba kelele za santuri zilizochakaa zipelekwe kwa fundi. Wapiga magitaa wa wimbo wa nne wanangoja mpaka betri inakwisha. Wateja wanazidi. Wengine wanatoka kambini kwa miguu, wana ndugu katika mahandaki mengine, wanaleta santuri zao wanazozipenda na kuuliza kama nazo zikipigwa sana zitafika mahali. Wivine anawaambia wazipige, lakini wakiona vumbi la kijani walimwage uani na wasiseme kwa mtu.

Yeye mwenyewe ana chupa tupu ya limonadi na msumari. Adalbert akigonga, anamwacha amalize mzunguko mmoja, halafu anamjibu, kwa mwendo ule ule, ili ajue kwamba mlango haujafungwa upande wa huku. Halafu anaweka chupa chini na kumiminia watu munkoyo. King'ora kinalia mara ya pili, na zamu ya jioni inashuka.