Chokaa Iliruka

…maana mpira ulikuwa ndani, jamani, ndani kabisa, chokaa ya mstari iliruka mbele ya macho yake kama unga uliopigwa kofi, asingeweza kusema nje hata angetaka, na alitaka, ee, kwa muda wa kupepesa jicho alitaka sana, mdomo ulishafunguka, neno moja tu na mechi ingekuwa imekwisha, Tamsin Pengelly ameshinda, makofi, chai, nyumbani, lakini mkono ukautangulia mdomo, ukalala bapa kuelekea kwenye majani, ishara ya mpira halali, na yule binti wa Surrey upande wa pili wa wavu akaduwaa kama mtu aliyerudishiwa pochi, kisha mvua ikashuka, mvua ya Cornwall haibishi hodi, watu wakakimbilia turubai, wakafunika kiwanja, na sasa wamekaa wote hapa barazani mwa klabu wanayatazama maji, Tamsin na taulo mabegani, Ottilie, ndiye huyo binti, kule pembeni na kocha wake, Bi Hocking mwenyekiti wa klabu na birika lake kubwa, na baba, ambaye hajasema neno tangu waingie, na Denzil Pengelly akinyamaza ujue pana jambo… "Chai, mwanangu," Bi Hocking anasema, "na keki ya zafarani hii hapa, kula, umekonda kama fito," asante Bi Hocking, na kikombe kina joto, vidole vinauma kwa raha, mbona baba hamtazami, anatazama kiwanja tu, turubai tu, amekasirika, si bure, pointi ya ushindi inashikwa hivi mkononi halafu inaachiwa, nani asingekasirika, mzee amemwendesha kwenye lile gari lake la ufundi bomba toka akiwa na meno ya utotoni, mabomba yakigongana nyuma njia nzima, Ilkley, Nottingham, Glasgow kwenye theluji, na leo mechi ya mwisho ya mchujo, hapa hapa nyumbani, mchujo ambao hauna waamuzi wa mstari, kila mchezaji anauhukumu mpira wa upande wake, mwamuzi ni mmoja anazungukia viwanja vyote na mwavuli wake na wakati ule alikuwa kiwanja cha mwisho huko akisuluhisha ugomvi wa watu wengine, nje, angesema nje, nani angebisha… "Na lile jambo letu?" Bi Hocking hana haraka ila hasahau, "watoto wa klabu wanataka mwalimu, nami nataka jibu kabla mechi haijaisha, maana ikiisha utakuwa na furaha au utakuwa na hasira, na jibu la mtu mwenye hasira si jibu," nitakujibu, Bi Hocking, "ulisema hivyo Krismasi, wewe," ni kweli alisema, kwa kuwa Krismasi jina lake lilikuwa bado limekaa imara kwenye orodha ya tenisi ya dunia, sasa linaning'inia, akishinda leo anapata pointi ya kulishikilia, akishindwa, Jumatatu orodha mpya inatoka na yeye hayumo, si kushuka, kushuka ameshazoea, ni kutokuwemo, miaka yote ile halafu unatafuta Pengelly na hakuna Pengelly… mvumilivu hula mbivu, haya, yeye amevumilia mpaka zimemwozea mkononi.

Lakini hazikuoza zote, hapana, asijidhulumu, alikuwa wa mia tatu na kumi na moja duniani, mia tatu na kumi na moja katika wanawake wote wenye raketi chini ya jua, na watu husikia wakacheka, yule daktari wa meno alimwuliza huku mdomo wa Tamsin umejaa pamba, kumbe hata mia bora hujafika, naye akaitema pamba akamwambia, na wewe daktari, ni wa ngapi duniani kwa kung'oa? jino liliuma wiki nzima baada ya hapo lakini jibu lile lilistahili… na Monastir, upepo wa bahari unaurudisha mpira usoni kwako, watazamaji ni paka mmoja na bwana wa kumwagilia maji, alishinda mechi ile kwa masaa matatu na yule bwana akasimama akapiga makofi peke yake, akamletea tende, hakuna runinga iliyoonyesha lakini ilitokea, paka shahidi… na Roehampton, ile mara moja waliyomwalika kwenye mchujo wa Wimbledon, alifungwa haraka hivi kwamba baba alikuwa bado anatafuta mahali pa kuegesha gari, akaja anakimbia na pasti za nyama na viazi zimo kwenye karatasi bado za moto, imeanza? imekwisha, baba, wakazila ndani ya gari, wakacheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka lakini hakuna aliyeuliza… "Maji yakimwagika hayazoleki," huyo ni kocha wa Ottilie, anasema kwa sauti ya kusikika, "zawadi kama hiyo hupati mara mbili, ukirudi pale mmalize," mmalize! bwana huyu, angemwambia aje asimame pale mstarini na magoti haya ya miaka thelathini na tatu, yapigwe na baridi, akaone kama huyu wa kumalizwa anamalizika… na sasa binti mwenyewe anakuja, viatu vinalia maji, mrefu, mzuri, miaka kumi na tisa na hajui la kufanya na mikono yake, "samahani, dada," anasema chinichini, "mpira ule wa mwisho… mimi mwenyewe niliona kama ulitoka," na hapo moyo wa Tamsin ukaanguka kweli, ukagonga sakafu, kama hata aliyeupiga aliuona nje, basi je, je macho yamechoka, je amelitupa jina lake mwenyewe kwa heshima ya mpira uliotoka, mjinga gani huyo… hapana, ngoja, rudi, sevu, pigo lake la kuanzia, ilikwenda kando kidogo ya pale alipotaka, mpira ukarudi kwa kasi kushoto, akanyoosha mguu, hakufika, ukatua, na chokaa, chokaa ikapanda nyeupe ikakaa hewani, majani hayatoi vumbi jeupe, majani ni majani… "Ulikuwa ndani, mdogo wangu," akamwambia, "uliupiga vizuri, usimwachie mtu akunyang'anye," na binti akatabasamu, akarudi kwa kocha wake akitembea mrefu zaidi ya alivyokuja.

"Chokaa iliruka?" Baba. Kumbe ana sauti. Bado anaangalia turubai. Iliruka, baba. "Upande wa kushoto?" Kushoto, ndiyo, na anajiandaa, haya sema, sema umekasirika, tulitoe tulimalize, na mzee anaikunjakunja kofia yake, "nimenyamaza kwa sababu nina aibu, mwanangu, ule mstari asubuhi ulikuwa umefifia kwa umande, nikaurudia kwa chokaa, mkono ukayumba, nadhani nimeunenepesha, upana wa kidole hivi, si zaidi, lakini mpira ule… ingekuwa mstari wa jana ungekuwa nje, mimi ndiye niliyekunyima ushindi," na Tamsin anamtazama, huyu mtu anayechora mistari ya klabu kila kiangazi bila kuombwa, na anaiona asubuhi ile ya zamani, yeye mdogo ameshika ncha ya kamba, baba ameshika ncha nyingine, kaza kamba, Tamsin, mstari ukipinda kila mtu atadanganywa na mwongo nitakuwa mimi, na magoti yake madogo yamelowa umande, na fahari ile, ooh, fahari ya kushika ncha, ndipo ilipoanzia, si Wimbledon, si orodha, ilianzia kwenye ncha ya kamba, na kicheko kinampanda toka tumboni, hawezi kukizuia, Bi Hocking anageuka na birika, "baba," anasema, "umeunenepesha!" na mzee anashtuka, kisha naye mabega yanaanza kutikisika, "kidogo tu," "baba, mstari ni mstari, ukishachorwa ndio huo, wewe umeuchora, mimi nikauite mwongo?" na baba anapangusa jicho, anasingizia mvua, barazani humu hakuna mvua.

"Basi jibu langu?" Bi Hocking ameweka birika chini. Watafutie watoto mwalimu mwingine, Bi Hocking, mimi bado nacheza. "Na Jumatatu jina lisipokuwepo?" Nitalifuata huko huko lilikoangukia, nitaliokota, mgongo bado unainama… na mvua haijali, inanyesha vilevile, turubai lipo, kocha ananung'unika, chai imepoa, hakuna kilichosogea, naye anaichukua raketi, anaubandua mkanda uliolowa kwenye mpini, anatoa mpya, na unahitaji watu wawili kuuzungusha vizuri, sikuzote umehitaji wawili, kwa hiyo anamkabidhi baba ncha moja. "Kaza, baba," anasema, na baba anakaza.